Somo Yangu

Siku hizi sauti ya marehemu husikilizwa mara moja tu, kisha mashine huifuta ili naye apumzike. Ndiyo sheria, na sikuwahi kuipinga.

Jumamosi ile nilikuwa sebuleni, nikimtafuta babu kwenye hifadhi ya taifa ya sauti za marehemu. Kwa mazoea, badala ya jina lake nikaandika langu, Mwanamvua. Ikatokea sauti moja. Nikacheka kujiona miongoni mwa wafu, nikabonyeza.

Kumbe ni bibi, somo yangu, niliyepewa jina lake baada ya yeye kuzikwa! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alirekodiwa. Akakohoa, akasema, "Huyo atakayerithi jina langu, mwambieni asije..."

"Mwanamvua, chai niweke tangawizi?" mume wangu Faki akauliza, kasimama mlangoni.

"Weka, Faki, weka!" nikamfokea.

Nilipotega sikio tena, bibi alikuwa amekwisha sema, na kioo kilikuwa kitupu.

Nimemuuliza Faki mpaka nimechoka. Anaapa hakusikia kitu, eti alikuwa akisikiliza maji yakichemka. Huenda. Ila tangu siku ile haniiti tena kwa jina langu.