Upepo Unatosha

"Feni ya nini?" Muthama aliuliza tena, akidhani mzee hajamsikia.

Gurdeep alikuwa amemsikia. Alisimama katikati ya gereji ile ya Uthiru, mkono wake juu ya kiti cha kwadi ya binti yake, ile pikipiki ya magurudumu manne ambayo Harleen aliiendesha mashindanoni kana kwamba ana ugomvi na barabara.

"Weka tu, fundi. Kipoza oili kikubwa, na feni mbele yake. Halafu sproketi ya nyuma uweke ile kubwa. Iende polepole, bila makelele."

Muthama alishika kiuno. Mashine ya mbio haina haja ya feni. Ikishatimka, upepo wenyewe hupita kwenye kipoza na oili ikapoa. Feni ni mzigo tu, inakula betri na kuziba ule upepo wa bure. Na hiyo sproketi kubwa, gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, ni sawa na kumfunga mkimbiaji kamba miguuni.

"Mzee, hii kitu ikikimbia upepo unatosha. Na Jumapili si kuna mbio?"

"Mimi naitaka Ijumaa," Gurdeep alijibu. "Na isizime. Umenisikia, fundi? Watu wote watakuwa wanaangalia. Ikizima hapo mbele yao, sijui uso wangu nitauweka wapi."

"Harleen mwenyewe anajua?"

Mzee alirekebisha kilemba chake, cheupe siku hiyo badala ya kile cha buluu alichozoea. "Yeye mwenyewe ndiye alitaka itumike. Anafika Ijumaa usiku, na ndege ya kutoka India."

Akaondoka bila kuaga, na hiyo haikuwa tabia yake hata kidogo.

Muthama hakuamini neno. Harleen atake kwenda polepole? Msichana aliyekuja gereji na ovaroli yake mwenyewe, akamwita Anko, akajilaza chini ya injini kumwaga oili chafu huku akimtania kwamba mikono yake imezeeka? Alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa. Lakini tangu alipoanguka mwaka jana na kuvunjika bega, baba yake alikuwa ameapa kwamba hatakimbia tena. Kisha Harleen akapelekwa India kwa shangazi yake, kupumzika, ndivyo Muthama alivyoambiwa. Tangu hapo simu alizompigia hazikupokelewa.

Sasa aliona anaelewa. Mzee alikuwa ameshindwa kumkataza binti kwa maneno, akaamua kumkataza kwa spana.

"Anataka mtoto aaibike mbele ya watu ndiyo aache mwenyewe," alimwambia Tobias, mchomeleaji wa kibanda cha pili, damu ikimchemka.

"Mteja akitaka feni, si umuwekee feni," Tobias alisema bila kuinua macho. "Kwani wewe ndiye babake?"

Hilo lilimuuma zaidi. Alirudi kwenye kazi yake amenuna. Alibadilisha oili na filta, akasafisha kabureta, akafunga kipoza kikubwa kama alivyoagizwa, maana hicho hakikuwa na ubaya. Feni akairudisha kwenye boksi lake na kuisukuma chini ya benchi. Sproketi akaacha ileile ya mbio. Hakuwa amewahi kumdanganya mteja, na Gurdeep alikuwa wa kwanza kumwamini siku zile alipokuwa hana hata toolboksi yake. Lakini alijiambia kwamba Harleen atamshukuru.

Ijumaa dereva wa mzee alikuja na pikapu. Aliipakia kwadi, akaifunga kamba, akaenda zake bila kukagua chochote.

Jumamosi Muthama alivaa shati lake zuri, akaenda Ngara. Alitaka kumwona Harleen kabla ya siku ya mbio, amnong'oneze kwamba mashine yake iko vilevile alivyoiacha, na kwamba asiogope, aifungulie tu. Alikuwa na wasiwasi wa kukutana na mzee, lakini hamu ya kumwona msichana ilimshinda.

Hajaufikia mtaa wao, akaisikia injini. Hakuhitaji kuiona ili kuijua, akatabasamu peke yake njiani. Ila ilikuwa inalia vibaya. Mtu alikuwa anaivuta na kuiachilia, anaivuta na kuiachilia, kama anayeizuia isitoke mbio. Wanaichezea, alifikiri kwa hasira, wataiunguza bure. Akaongeza mwendo hadi kwenye kona.

Barabara nzima ilikuwa imejaa watu waliovaa nguo nyeupe, wakitembea taratibu kuelekea Kariokor. Mbele yao kwadi ilikuwa inavuta trela dogo, na juu ya trela kulikuwa na jeneza lililofunikwa maua pamoja na picha ya Harleen akicheka. Gurdeep alitembea ubavuni, kiganja chake juu ya ubao wa jeneza. Moshi ulikuwa tayari unafuka chini ya kiti, na kabla Muthama hajapata nguvu ya kuita, injini ilikohoa, ikazima katikati ya barabara.