Ugonjwa wa Tumbili wa Mtoni

Tumbili alianguka kutoka paa la Bernadeta, akajikung'uta, akapanda tena, akaanguka mara ya pili. Safari hii hakujisumbua kuinuka. Alijilaza uani, mkono mmoja chini ya kichwa, akawatazama watu kana kwamba wao ndio wenye shida.

"Huyo anaumwa," alisema Wilbert, balozi wa nyumba kumi. "Nimeshamwita Bwana Nyama."

Kufumba na kufumbua wanawake watano walikuwa wamejipanga mlangoni na vikapu. Mwaka ule nyama ilikuwa adimu Mtoni, na hakuna aliyekumbuka kwamba Bwana Nyama ni afisa wa wanyamapori.

Bernadeta hakushika kikapu. Alikuwa na lake la kumtoa jasho. Nyuma ya choo chake, chini ya makuti, palikuwa na pipa la mabibo yaliyochacha, na kando yake mtambo wa gongo uliomsomeshea watoto wanne. Tumbili aliligundua pipa hilo Jumatatu. Serikali ilikuwa haijaligundua bado, na ikiligundua ni jela, hakuna mjadala.

Bwana Nyama alifika kwa baiskeli. Aliitwa Adelard, mtu mpole, macho mekundu kwa vumbi la njiani. Alichuchumaa, akamfunua mnyama kope, akamsogelea mdomoni, akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi.

"Anayumba?"

"Sana," alisema Wilbert.

"Haogopi?"

"Jana kalala na mbwa wangu, kamkumbatia."

"Akiamka ana kiu?"

"Anamaliza ndoo."

"Na huwa anatokea upande gani?"

Bernadeta akawahi kujibu. "Ng'ambo ya mto huko, bwana. Mbali."

Adelard alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mnyama wa porini akimzoea binadamu ghafla, ujue ana kichaa cha mbwa. Huyu apigwe risasi, na mbwa wa mtaa wote. Na nyie wa nyumba kumi, sindano za tumboni. Ishirini na moja kila mtu, hata watoto."

Foleni ya vikapu iliyeyuka. Wilbert alishika tumbo lake kwa mikono miwili na kuuliza kama viongozi wa mtaa nao wamo.

Bernadeta hakucheka. Alikuwa mtu wa kanisani, gongo ni gongo na dhambi ni dhambi, lakini kuona watoto wa wenzake wakidungwa kwa ajili ya pipa lake kulimshinda. Alimvuta Adelard pembeni, akamwongoza hadi nyuma ya choo, akafunua makuti.

"Mnyama haumwi, bwana. Kalewa. Kosa ni langu mie peke yangu, watoto wa watu waache." Akanyoosha mikono yote miwili afungwe pingu, akafumba macho.

Pingu hazikuja. Alipofumbua, Adelard alikuwa akichungulia kama balozi anawaona, kisha akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa chupa tupu ya dawa ya kikohozi.

"Nijazie, mama," alinong'ona. "Temeke nzima nimeshaonja, sijapata inayoangusha namna ile."