Jiko Lisilo na Mlango

Fundi Chande alikuwa akifungua skrubu ya tatu ya kompyuta huku Bi Zamda akimmulikia tochi.

"Mama, tuizime mashine kwanza."

"Kwani memori haichomekwi hivyo hivyo, kama flashi?" Alikuwa amezunguka maduka manne akiitafuta, ili mashine iliyoganda izinduke.

"Flashi! Mama nawe. Hii haiwekwi mashine ikiwaka."

Kwenye skrini ulikuwapo mchoro wa nyumba ambayo bintiye, marehemu Raya, alikuwa akimchorea mama yake. Jiko bado halikuwa na mlango.

"Na mchoro je?"

"Hakuuhifadhi, mama. Tukizima, umekwenda."

Bi Zamda akazima tochi.

"Njoo kesho, mwanangu."

Fundi akaziacha skrubu mezani, kando ya memori. Bi Zamda akavuta kiti cha Raya, akaketi, akaweka kidole pale ambapo mlango ungekuwa.