Nungunungu Aenda Kuposa

Sogeeni jamani, ila Nungunungu msimsogelee sana. Bwana huyu akishtuka kidogo tu, miiba juu! Posa mbili zilikwisha kuvunjika hivyo, na mshenga wake, Chura, hadi leo akinywa maji yanamvuja ubavuni.

Safari hii akamwomba shangazi yake wa hiari, Konokono, awe mshenga, maana ana gamba na hana haraka.

"Shangazi, nikimkosa na huyu nitazeeka peke yangu!"

"Hofu ikija, mwanangu," Konokono akamwambia, "usiifukuze wala usiitii. Vuta pumzi, itazame inavyopita."

Basi kila asubuhi Nungunungu akawa anaketi na kupumua. Jani likianguka, miiba inainuka. Anaitazama hofu yake, miiba inalala. Mwisho ikawa mazoea.

Siku ya posa, baba wa binti akanguruma, "Ndiwe unayechoma watu?"

Miiba ikasisimka. Nungunungu akavuta pumzi, hofu ikampanda kifuani, ikapita zake. Miiba ikalala.

"Ndimi, baba. Najifunza kutulia."

Konokono akashangilia, "Heee!" Mara pwaa! Miiba ya mzee mzima ikafumuka, mito ya kochi ikachanika, pamba ikatapakaa sebuleni.

"Msinicheke," mzee akasema kwa aibu. "Huwa nanguruma kwa sababu naogopa wageni."

"Vuta pumzi nami, baba."

Wakavuta, wakashusha. Miiba ya mzee ikalala yote. Mama wa binti, ambaye tangu aolewe hulala ukingoni mwa kitanda akihofia miiba ya mumewe, akapiga kigelegele.

"Posa imekubaliwa! Leo nalala katikati!"