Vitumbua vya Mgeni

Afisa wa ruzuku ya kaya maskini alipopiga hodi, Siwema alikuwa ameshamaliza kuficha. Cherehani aliifunika kanga, chanuo na nywele za kusukia akavitia sandukuni, na beseni la vitumbua vya kuuza akalisukuma uvunguni.

“Shughuli unayofanya?” aliuliza afisa, Bwana Luhende, fomu ikiwa gotini.

“Sina, baba. Ningekuwa nayo ningeomba msaada?”

Luhende akaiacha tupu kwanza nafasi hiyo ya fomu, akauliza habari za watoto, za choo, za paa. Alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba tangu alfajiri. Mara tumbo lake likanguruma, na wote wawili wakalisikia.

Siwema akainamisha uso. Tangu awe na kwake hajapata kumwacha mgeni aondoke bila kutia kitu kinywani. Alivumilia, ikamshinda. Akapiga magoti, akalivuta beseni, akamwekea vitumbua vinne kwenye sahani.

“Kula, baba. Hivyo nauza asubuhi. Mchana nashona, jioni nasuka watu. Kazi zote tatu, na bado kuna siku tunalala na uji. Andika tu.”

Luhende alivila vyote. Kisha akaishika fomu kwa vidole vile vile vilivyolowa mafuta, na kidole gumba kikatua juu ya ile nafasi tupu. Akakiacha hapo kwa muda.

Alipoanza kuandika, kalamu iliteleza juu ya mafuta bila kutoa wino. Akajaribu tena, nafasi ikabaki tupu. Akaitazama karatasi, akamtazama Siwema, na kile kidole gumba bado kinang’aa.