Kiini cha Zamani

Siku hizi nyumba isipoamka, hata chai huipati. Yetu ilibadilishiwa kiini, ile akili inayoiendesha, na adhuhuri ikagoma kuwaka. Jiko baridi, milango imekwama.

Binti yangu Salha, fundi wa nyumba, akanielekeza kwa simu. "Mama, izime yote. Ukiiwasha, shikilia kitufe mpaka viini vyote vijitokeze, uchague cha zamani kabisa."

Nikachagua. Taa zikawaka taratibu, kwa ule umanjano alioupenda baba yake Salha. Kisha nyumba ikasema, "Shikamoo, Bi Mize. Mzee Faki hajarudi kutoka msikitini. Nisiukomee mlango?"

Mume wangu tulimzika zamani. Kiini hiki kilizimwa kabla ya msiba, wala hakuna aliyekipa habari.

"Imewaka?" Salha akauliza. "Kama imewaka, basi ni nafasi tu ya kuhifadhia viini iliyojaa. Futa vya zamani vyote, kipya kitafanya kazi."

"Haijawaka, mwanangu."

Jiko lilipopata moto nikapika wali, nikapakua sahani mbili. Moja nikaifunika kawa, kama nilivyozoea akichelewa.

"Usiukomee," nikaiambia nyumba, nikakaa kuutazama mlango.