Gauni la Mkono Mmoja

Bibi alianza kucheka akiwa kwenye ngazi, na alipofika ghorofa ya pili karani wa wakili alikuwa ameshamjazia glasi ya maji. Alidhani ni pumzi zinamkata. Alimvutia kiti chenye mikono, akaegemeza fimbo yake kwenye pembe ya ukuta, mahali ambapo haitaanguka. Bibi akalitia jambo hilo moyoni. Si kila karani anajua kwamba fimbo ikianguka, mwenye nayo hawezi kuinama kuiokota.

Kapu lake alilipakata. Ndani yake mlikuwa na gauni jeupe la harusi lenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulishikizwa kwa pini tu, ukisubiri cherehani. Harusi ya mjukuu ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Nimekuja kushtaki," alimwambia wakili, akaanza kucheka upya.

Wakili alikuwa mwanamke wa rika la bintiye wa mwisho, mwenye miwani aliyoipandisha kichwani na kuisahau huko. Alisubiri kicheko kiishe, ndipo akauliza anamshtaki nani.

Msimamizi wa wosia, bibi akasema. Mdogo wake wa tumbo moja. Mtaa mzima humwita Mapema. Alizaliwa wa miezi saba, na tangu hapo hajapunguza mwendo. Harusini hufika kabla ya viti. Bibi alipolazwa wiki sita kwa ajili ya nyonga, Mapema alikuwa getini kila siku, nusu saa kabla ya muda wa kuona wagonjwa, chupa ya chai kwapani, mpaka mlinzi akazoea kumwekea kiti. Hakukosa hata siku moja. Lakini bibi alipotoka hospitali alikuta kila kitu kilichoandikwa kwenye wosia kimeshagawiwa: kitanda, kabati, kuku kumi na mmoja, na cherehani.

Je, alishamwomba airudishe hiyo cherehani? Alimwomba, tena kwa upole. Mapema akajibu, kwa heshima zote, kwamba wosia ni amana, na yeye si mtu wa kuchezea amana.

Wakili alimpa pole kwa msiba. Bibi alisema pole hiyo ataiweka akiba.

"Cheti cha kifo unacho?"

"Hicho bado."

Wakili akaandika. Kisha alieleza polepole, kama fundi anayekata kitambaa cha wenyewe, kwamba msimamizi asiyefuata wosia ana dawa yake. Kwanza aandikiwe barua, apewe siku kumi na nne ajieleze. Bibi alisema akipewa kumi na nne, atajibu kesho. Akikaidi, mahakama inaweza kumtaka alete orodha ya mali yote na kila aliyepewa. Orodha anayo, bibi akasema, ameandika mpaka vijiko, na mwandiko wake unapendeza. Mahakama inaweza pia kuzuia mali isiguswe. Hapo bibi alitikisa kichwa, kwani kuku wawili walikuwa wameshaliwa. Ikishindikana kabisa, msimamizi anavuliwa kazi na kuwekwa mwingine.

"Usimfunge tu," bibi alisema. "Ukimfunga, atafika jela kabla ya hukumu, awasumbue askari wa watu."

Karani, aliyekuwa anajifanya kupanga mafaili, aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Wakili alishusha miwani machoni ili uso wake upate pa kujificha.

"Haya, mama. Cherehani kampa nani?"

"Binti yake."

"Binti yake mwenyewe." Kalamu ilikwenda mbio. "Na wosia unasema apewe nani?"

"Binti yake."

Kalamu ikasimama. Wakili aliuliza habari za kabati. Lilikwenda kwa aliyeandikiwa. Kitanda vilevile. Kuku walihesabiwa mmoja mmoja na kufikishwa kwa mwenyewe wakiwa wazima.

"Sasa kosa lake ni lipi?"

"Wakati," bibi alisema. "Yote kayapatia, isipokuwa wakati."

Uso wa wakili ukafunguka. Kumbe amegawa kabla mahakama haijamthibitisha. Hilo ni kosa, tena linajulikana, na mgao wa namna hiyo unaweza kutenguliwa. Aliinama akaandika ukurasa mzima. Bibi alimtazama, akaona kwamba tangu waanze huyu mtoto wa watu hajatupia saa jicho hata mara moja.

"Wewe kwenye wosia umeandikiwa nini?"

"Mimi? Hata kijiko."

Wakili aliweka kalamu chini. Alimsogezea maji kwanza, ndipo akamwambia kwamba hapo pana shida. Anayeweza kumlalamikia msimamizi ni mrithi aliyetajwa, au mtu mwenye haki katika mali ile. Asiyeandikiwa hata kijiko ataulizwa mlangoni anahusika vipi, na asipokuwa na jibu, bibi harusi atakwenda na mkono mmoja.

Bibi aliliangalia gauni. Kicheko kilikuwa kinampanda tena kutoka miguuni. Alijaribu kukizuia kwa leso, kikampita.

"Mama, nisaidie nikusaidie," wakili alisema. "Katika wosia huu, wewe ni nani?"

"Mwanangu," bibi alisema, akijifuta machozi, "mimi ndiye marehemu."